Bunduki Iliyonyweshwa Mawese

Papa Urbain Lumbu alikuwa fundi wa kufuli, wa baiskeli, wa mashine za mitumbwi na, kama hukumuuliza kwa sauti kubwa, wa bunduki. Kwa hiyo Inspekta Emmanuella Tambwe alipofungua gunia na kulaza bunduki juu ya meza yake, mchana kweupe, katika kile kibanda cha mabati karibu na daraja la mto Lukuga, mjini Kalemie, mzee alirudisha mikono yote miwili mgongoni.

“Mama Inspekta, mimi natengenezaka kufuli.”

“Najua, Papa. Kama ningetaka kukufunga, ningekuja na watu wawili na kamba. Nimekuja peke yangu.”

“Polisi akikuja peke yake, njo ile inanitia woga.”

Emmanuella hakucheka. Kesho saa mbili asubuhi gari lingekuja kumchukua Valère Kabulo kutoka mahabusu kumpeleka gereza kuu, na juu ya faili lake pangeandikwa mauaji ya kukusudia. Mtu wa faili la namna hiyo watu humhesabu pamoja na waliokufa, hata kama bado anapumua. Inspekta alikuwa amebakiwa na mchana mmoja na usiku mmoja wa kujua kama bunduki hii ilimtetea Valère au ilimsuta.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Siku kumi nyuma, alfajiri ya baridi ya mwezi wa saba, ndugu wawili wa tumbo moja walipanda mlima ulio juu ya barabara ya Kabimba kuvizia nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mihogo ya mama yao. Mkubwa, Valère, ni karani wa bandari, mtu wa kalamu, aliyerithi bunduki ya marehemu baba yao miezi miwili tu iliyopita, matanga yalipovunjwa. Mdogo, Wilfried, ndiye mwindaji wa nyumba ile tangu akiwa kijana. Kichaka kilitikisika, Valère akafyatua, na kilichoanguka hakikuwa nguruwe. Alikuwa Damien Musafiri, mrina asali, aliyekuwa anakwenda kutazama mizinga yake. Jua lilipopanda Damien alikuwa maiti, na mwilini mwake mlikuwa na risasi moja ya paja na moja ya kifua.

Mpaka hapo ndugu wote wawili walisema maneno mamoja. Kuanzia hapo kila mmoja alishika njia yake. Valère alisema alipiga mara moja, akataka kupakia ya pili kwa sababu alidhani nguruwe bado yupo, bunduki ikagoma. Ndipo akasikia mtu analia. Alimwachia Wilfried bunduki na majeruhi, akakimbia barabarani kutafuta pikipiki, na akiwa huko chini alisikia mlio wa pili. Wilfried alisema huo ni uongo mtupu: kaka yake alipiga mbili, moja juu ya nyingine, na ya pili aliipiga akiona vizuri kwamba ni mtu.

Komanda Willy, mkubwa wa Emmanuella, hakutaka kuumiza kichwa. Aliitoa bunduki uani saa sita mchana, akaijaza, akapiga mbili angani upesi upesi, akapangusa mikono. Bunduki nzima, karani mwongo, akasema. Maganda mawili yaliyookotwa mlimani yangeweza kusaidia, lakini konstebo Chadrack aliyatia yote katika bahasha moja na hakuandika lipi liliokotwa wapi. Haraka haraka ya ofisi ile haikuwahi kuzaa baraka, na safari hii ilikaribia kuzaa kaburi la pili.

“Nataka uniambie kitu kimoja tu,” Emmanuella alimwambia mzee. “Hii bunduki inaweza kugoma ao haiwezi?”

Papa Urbain aliitazama kwa kona ya jicho. Kisha, pole pole, mkono mmoja ukatoka mgongoni, na wa pili ukaufuata. Mapenzi ya kazi yana nguvu kuliko woga.

Ilikuwa bunduki ya zamani, ya mkono wa chini, ambayo mzungu mmoja wa reli alimwachia babu wa kina Valère mwaka wa uhuru. Chini ya triga ilikuwa na pete kubwa ya chuma. Ukiishusha pete, ganda tupu linaruka nje. Ukiipandisha, risasi mpya inaingia. Kitako kilikuwa kimefungwa waya mahali pawili, na chuma kilikuwa kimepauka, lakini pete ilikwenda na kurudi bila kelele.

“Hii inakulaka kwa bomba,” mzee alisema, akigonga mrija uliolala chini ya mtutu. “Risasi zinapangana humu, moja nyuma ya ingine. Kule mbele kuna resori, ile waya ya kujikunja, na resori inasukuma kizibo, kizibo inasukuma risasi. Ya nyuma inaingia kwa hii kijiko. Kijiko inaipandisha, bunduki inameza. Basi, kama inakataa kula, ni moja ya hizo: risasi yenyewe, kijiko, ao resori. Hakuna uchawi.”

Alitoa mkebe wa maziwa wenye risasi za uongo, maganda yasiyo na baruti ambayo vichwa vyake alivifinyanga kwa madini ya risasi yanayofungwa kwenye nyavu za wavuvi. Alipakia tano ubavuni. Akashusha, akapandisha. Ya kwanza ikaingia, ikaruka nje. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Ya tano. Zote zilimezwa na kutemwa bila hata moja kukwama.

“Iko muzima, Mama.”

“Tafuta tena.”

Mzee alitafuta. Alipima urefu wa kila risasi kwa ganda la kiwandani alilolitunza kama pete ya ndoa, maana risasi ikiwa fupi, ile inayofuata inaingiza kitako chake ndani ya kijiko na pete inafunga kabisa. Zilikuwa sawa. Akafungua ubavu, akatoa kijiko, akapitisha ukucha ukingoni kutafuta mahali palipolika. Hapakuwa na mahali. Alitazama kijino kidogo kinachozuia risasi mbili zisije kwa pamoja, akakisukuma, kikarudi vizuri. Jasho lilimtiririka, mabati ya juu yalikuwa yanachemka, na upepo wa ziwa ulikuwa unapita mbali na kibanda.

“Basi imebaki resori,” akasema.

Alifungua skrubu ndogo kwenye mdomo wa bomba huku amezuia kwa kidole gumba, maana resori ya bunduki ikiachiwa ghafla inaweza kukutoboa jicho. Akaondoa kidole. Resori haikuruka. Ilitoka taratibu, imelowa, na matone ya rangi ya machungwa yakadondoka juu ya meza.

Papa Urbain aliinusa, akamnusisha Inspekta. Emmanuella alikuwa amejiandaa kwa harufu ya chuma na baruti. Alichokutana nacho ni harufu ya sombe, majani ya mihogo yanayopikwa siku ya Mungu.

“Mawese,” akasema.

“Mawese. Na si ya kupaka. Hii mutu alimwanga.” Mzee alikuna kichwa. “Sasa hivi iko maji, juu ya hii joto. Kizibo inaogelea tu. Lakini wewe uko mama wa jikoni, Inspekta. Chupa yako ya mawese, huu mwezi wa saba, saa kumi na mbili ya asubui, inakuwaka namna gani?”

Emmanuella alijua. Hakuna mwanamke Kalemie asiyejua. Mwezi wa saba mawese yanalala ndani ya chupa, magumu kama sabuni iliyolowa, na hutoi hata kijiko kimoja kabla ya kuiweka chupa pembeni ya moto. Na Komanda alikuwa ameijaribu bunduki saa sita mchana, uani, katikati ya jua.

“Usiifute,” alisema. “Rudisha kila kitu namna kilivyokuwa, na mafuta yake. Na kesho alfajiri utakuja kituoni na vyombo vyako.”

“Kituoni? Na miguu yangu mwenyewe?”

“Na petroli chupa moja, Papa.”

*

Mama Léontine, mjane aliyekaa peke yake juu ya mlima, hatua kama mia tatu kutoka pale Damien alipofia, alikwisha kuhojiwa. Maneno yake katika faili yalikuwa mstari mmoja: alisikia milio miwili. Emmanuella alimkuta anaanika mihogo juu ya jiwe, akakaa naye, akasaidia kugeuza vipande kabla ya kuuliza chochote.

“Mama, ile asubui, wakati mulio wa kwanza ulilia, ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuwa natia maji kwa sufuria. Ya uji. Niliruka, maji ikamwangika kwa moto, nikaanza kuwasha upya.”

“Na wakati wa mulio wa pili?”

“Uji ilikuwa tayari. Nilikuwa nimekwisha kuipakua, naipuliza.”

Emmanuella aliacha kugeuza mihogo. Moto uliomwagiwa maji, kuni mbichi za mlimani, maji ya baridi ya mtungi, unga, kukoroga. Hata mtu mwenye mikono miepesi hawezi kumaliza yote hayo chini ya nusu saa.

“Juu ya nini hukumwambia Chadrack?”

“Aliniuliza nilisikia ngapi. Nikamwambia mbili.” Mama Léontine alimtazama kwa mshangao wa kweli. “Hakuniuliza mambo ya uji.”

*

Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, Mama Thérèse Kabulo alikuwa mlangoni mwa kituo na sufuria yake iliyofungwa kitambaa. Anayefungwa hulishwa na watu wake au halishwi, na kwa siku kumi mama huyu hakukosa hata moja. Sheria ilitaka chakula kikaguliwe. Emmanuella alifunua: bukari, yaani ugali, na ndagala, dagaa wa ziwani, za kukaanga, kichwa juu ya kichwa, zimepangwa kwa heshima.

“Umebeba peke yako toka Kataki? Wilfried hakukusaidia?”

“Wilfried amekwenda kula kwa jirani. Nikipika ndagala anakimbiaka nyumba. Toka utoto, akisikia tu harufu yake, anatapika.” Mama alitabasamu kidogo. “Valère naye angekula ndagala mpaka siku ya mwisho.” Aliposikia alichokisema alifunga tena kitambaa.

Emmanuella alimkalisha kwenye benchi. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaka kujua namna ya kupika kitu.

“Mama, bunduki ya Papa. Nani aliitia mawese?”

“Ni mimi.” Mama Thérèse hakuficha, alijinyoosha hata. “Siku ya kuvunja matanga. Kwetu, bunduki ya marehemu haipewi mutoto hivi hivi. Iko na kiu. Mwenye nyumba wa kike anainywesha kwanza, ili isitafute kunywa damu ya jamaa. Mama-mukwe alifanya vile, na mimi nikafanya. Niliimwangia kwa mudomo wa ile bomba, kikombe muzima. Nimeharibu?”

“Hukuharibu, Mama. Valère alikuona?”

“Valère alikuwa ku bandari, meli ya Moba ilikuwa imefika. Alikuta imekwisha kufutwa, anapewa tu. Wilfried njo alinishikia, aliisimamisha namna hii.” Aliinua mikono yote miwili kuonyesha. “Akanicheka. ‘Mama, unailisha sana, itashindwa kutembea.’”

Mama alicheka akikumbuka. Emmanuella alimtazama mwanamke huyu aliyekuwa akimpa, kwa mkono wake mwenyewe na bila kujua, kile alichokuwa akikitafuta siku nzima, na aliona uchungu mkubwa. Alichukua karatasi, akaandika.

*

Saa kumi na mbili kamili ya asubuhi uani palikuwa na ukungu kutoka ziwani, na Komanda Willy alikuwa na koti juu ya koti. Bunduki ilikuwa imelala nje usiku kucha, juu ya baraza, chini ya ulinzi. Jana yake kibandani, kukiwa bado na joto, Papa Urbain aliipakia risasi za uongo: moja ndani ya chumba cha mtutu, nne ndani ya bomba. Ndivyo ilivyokuwa siku ile, kwa maneno ya Valère; Wilfried alimpakilia nyumbani, pembeni ya moto, ndipo wakapanda mlima na kukaa saa nzima katika baridi.

Wilfried aliletwa kama shahidi. Alikuwa kijana mwenye mabega, mpole wa sauti, na aliwasalimu wote mmoja mmoja.

“Shefu anataka kuona kwa macho,” Emmanuella alimwambia. “Gari ya kaka yako inakuja saa mbili. Iko imejaa, za uongo. Simama pale, utuonyeshe namna Valère alipiga mbili.”

Juu ya meza, upande wa kushoto wa kijana, aliacha risasi mbili zaidi za uongo, kama mtu aliyezisahau.

Wilfried alipokea bunduki. Ilikaa mikononi mwake kama jembe mikononi mwa mkulima. Alilenga ukuta, akafyatua, chuma kikagonga. Akashusha pete, ganda likaruka. Akapandisha, na hapo hapo mkono wake wa kushoto ulikwenda mezani, ukarudi, kidole gumba kikabonyeza juu, pete ikafunga, triga ikagonga tena. Ilikuwa pumzi moja.

“Munaona?” alisema. “Mbili.”

“Naona,” alisema Komanda. “Inspekta, umenitoa kitandani juu ya hii?”

“Wilfried, rudia,” alisema Emmanuella. “Lakini mukono ya kushoto ibaki kwa chuma cha mbele, isitoke.”

Kijana alimtazama kwa mara ya kwanza. “Juu ya nini?”

“Kaka yako alikuwa na mikono miwili tu, na risasi zote zilizobaki zilikuwa ndani ya bomba. Rudia.”

Alishusha, ile aliyoilisha kwa mkono ikaruka. Alipandisha. Alifyatua: tik, sauti kavu ya chuma kinachopiga hewa. Alirudia mara mbili, mara tatu, kwa nguvu, mpaka waya wa kitako ukalia. Kijiko kilipanda kitupu na kushuka kitupu. Risasi nne zilikuwa zimelala ndani ya bomba na hakuna iliyotaka kuja.

“Bunduki imezeeka,” Komanda alisema, lakini sauti yake haikuwa ileile. “Labda imeharibika jana.”

“Papa Urbain,” aliita Emmanuella.

Mzee alisogea akiwa ameinamisha kichwa ili Komanda asimjue, jambo gumu kidogo kwa mtu aliyemtengenezea Komanda kufuli za nyumba yake. Alifungua skrubu, akaiwekea kidole, akakitoa. Hakuna kilichotoka. Ilibidi avute resori kwa koleo, na ilikuja imevikwa uji mzito wa rangi ya machungwa, pamoja na vumbi na kutu ya miaka sitini. Aliweka kipande chake kiganjani mwa Komanda. Kisha akaosha resori kwa petroli, akaivuta kidogo ipate nguvu, akapitisha kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti ndani ya bomba mpaka kitambaa kikatoka kikavu, akasugua kizibo, akarudisha kila kitu. Ukungu ulikuwa bado uleule, na baridi ileile. Emmanuella alimwomba Komanda aandike saa.

“Sasa, Wilfried. Mukono ya kushoto fasi ileile, kwa chuma.”

Alishusha, akapandisha. Risasi ikaingia. Ya pili ikaingia. Ya tatu. Kijana aliacha kabla ya ya nne. Alikuwa mwindaji, na alijua kusoma nyayo, hata zikiwa zake.

“Mama yako aliinywesha, na wewe njo ulimushikia,” alisema Emmanuella. “Kwa miezi miwili ulikuwa unawinda nayo, ulijua inagoma kukiwa baridi. Ulijizoeza kuilisha kwa mukono. Mukono yako imefanya sasa hivi bila kukuuliza. Valère hakujua, hakuna aliyemwambia. Kati ya mulio na mulio, mama mumoja pale mulimani aliwasha moto uliozimika na akapika uji. Kaka yako alikuwa barabarani. Bunduki ilikuwa kwako.”

Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na waliposema hivyo walikuwa wameona nyumba nyingi.

Wilfried aliilaza bunduki mezani kwa uangalifu, mdomo ukielekea ukutani, kama alivyofundishwa.

“Ule mutu alikuwa anatoka damu sana,” alisema. “Angekufa tu.”

“Dokta aliandika kwamba mguu ungepona.”

Alipozungumza tena hakuwa anaongea na Inspekta.

“Miaka kumi na mbili, nyama yote iliyoliwa kwa ile nyumba, mimi njo niliibeba. Yaya Valère anajua kuandika mizigo. Hata kuisafisha bunduki hajui. Muzee akamuita yeye, akamuachia yeye.” Alipangusa kiganja chake kwenye suruali. “Damien hakunikosea kitu.”

Komanda Willy bado alikuwa na mawese kiganjani na hakujua ayapangusie wapi. Alimwambia Chadrack amvue kijana mkanda na viatu.

*

Mama Thérèse alifika saa moja na nusu na sufuria ya safari, kubwa kuliko za siku zote. Alimkuta Wilfried amekaa sakafuni karibu na mlango wa mahabusu, miguu mitupu. Alimtazama yeye, akatazama mkanda uliowekwa juu ya meza, akamtazama Emmanuella.

Inspekta alimweleza yote, bila kupamba na bila kupunguza. Risasi ya paja, Valère angeijibu akitokea nyumbani. Ya kifua haikuwa yake tena. Mama alisikiliza hadi mwisho.

“Jana uliniuliza nani aliitia bunduki mawese,” alisema.

“Ndiyo, Mama.”

“Hukuniambia unauliza nini.”

“Ningekuambia, ungenijibu?”

Mama Thérèse alifikiri kweli kweli. Wilfried aliinua kichwa kusikia.

“Sijui,” alisema. “Ungeniacha nichague. Ni vizuri hukuniacha.”

Alisomewa maneno yake ya jana, akayakubali, akabonyeza kidole gumba kwenye wino na kwenye karatasi. Wino ulibaki kidoleni. Valère alitolewa. Siku kumi zilikuwa zimemkondesha, na alisimama mbele ya mama yake na ya mdogo wake asijue amwendee nani kwanza. Halafu, kwa mazoea ya siku zile, akanyoosha mikono kupokea sufuria.

Mama hakumpa. “Wewe utakula nyumbani,” alisema.

Alikwenda mpaka pale sakafuni, akachuchumaa mbele ya Wilfried, akafungua kitambaa, akafunua. Harufu ya ndagala ilijaa chumba, na kijana akageuza uso ukutani. Mama alitazama ndani ya sufuria kwa muda mrefu. Kisha akaifunika tena, akakaza fundo, akasimama kwa shida akishika goti.

“Huyu hawezi hii,” alimwambia Inspekta. “Musimupe kitu. Ngoja nikamupikie maharage.”